Pini Haina Uchawi: Majibu kwa Madai Saba Kuhusu Kiungo cha Fimbo ya Pool

Fimbo nzuri ya pool huwa na vipande viwili. Kipande cha mbele, shafti, ndicho chenye ncha inayogusa mpira. Cha nyuma, kitako, ndicho kinachoshikwa na mkono. Kinachoviunganisha ni pini yenye nyuzi, kitu cha urefu wa kama sentimita saba na nusu ambacho mchezaji hukiona kwa sekunde chache tu anapofungua au kufunga fimbo yake. Pamoja na udogo wake, pini hii imebebeshwa maneno mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya fimbo. Wauzaji huitumia kupandishia bei, wachezaji huibishania hadi meza zinafungwa, na vijana wenye mashine za kukereza hawathubutu hata kujaribu kwa kuaminishwa kwamba kazi hiyo ina siri wanayoijua Wamarekani peke yao.

Nimekusanya hapa madai saba yanayosikika sana, na nitayajibu moja baada ya jingine. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: aina ya pini ni jambo dogo, namna ilivyofungwa ni jambo kubwa. Mnunuzi anayechagua fimbo kwa kuuliza ina pini gani anauliza swali la pili kabla ya la kwanza. Na fundi anayeagiza pini ya gharama kisha akaifunga kwenye tundu lililopinda amepoteza pini na mbao pamoja.

Kwanza tuelewane kuhusu vipimo. Kwa kuwa ufundi huu ulikomaa Marekani, pini hutajwa kwa inchi: kipenyo kwanza, halafu idadi ya nyuzi ndani ya inchi moja. Pini ya 5/16-18 ina kipenyo cha milimita 7.9 na nyuzi 18 katika inchi, yaani kutoka uzi mmoja hadi mwingine ni milimita 1.4. Pini ya 3/8-10, ambayo wengi huiita pini nene, ina kipenyo cha milimita 9.5 na nyuzi 10 tu katika inchi, kila moja ikiwa milimita 2.5 kutoka kwa jirani yake. Kati ya hizo kuna nyingine, kama 5/16-14 na 3/8-11, na zipo pia za kufunga haraka kwa mizunguko michache. Hayo yanatosha kuanzia.

Dai la kwanza: “Pini ya chuma huupa mpira nguvu na kuuzuia kuchepuka”

Hili ndilo dai kongwe kuliko yote. Husemwa kwamba pini ya chuma kisichoshika kutu husafirisha nguvu yote ya mkono, ya brasi hula sehemu yake, na ya titani huufanya mpira mweupe uende ulikoelekezwa hata ukipigwa pembeni.

Tuanze na kuchepuka. Mpira mweupe ukipigwa upande wa kulia huchepuka kidogo kwenda kushoto, na kinyume chake. Ncha ya ngozi hugusana na mpira kwa muda wa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo mfupi, mtikisiko wa kwenda kando hausafiri mbali ndani ya mbao. Mpira unakuwa umeshaondoka. Kwa hiyo kinachoamua kiasi cha kuchepuka ni uzito wa sehemu ya mbele kabisa ya shafti, kama sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye ncha. Mwanasayansi Ron Shepard alilieleza jambo hili kwa hesabu katika andiko lake la mwaka 2001, na David Alciatore, aliyefundisha uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, amelionyesha kwa majaribio. Kiungo kiko zaidi ya sentimita 70 nyuma ya ncha. Kampuni ya fimbo ya Predator ilipotaka kupunguza kuchepuka miaka ya 1990, ilitoboa shafti kwa ndani karibu na ncha ili kuipunguzia uzito. Tatizo lilikuwa mbele, na dawa ikawekwa mbele.

Na nguvu je? Waangalieni wachezaji wa biliadi ya kingo tatu barani Ulaya, ule mchezo wa mipira mitatu kwenye meza isiyo na matundu. Huko mpira hulazimika kuizunguka meza kubwa ukigonga kingo mara kadhaa katika pigo moja. Fimbo nyingi za jadi za mchezo huo huunganishwa kwa skrubu ya mbao, nyuzi za mbao ndani ya mbao, bila chuma hata kidogo. Kama chuma ndicho chenye nguvu, fimbo hizo zisingefika popote.

Hata hivyo kuna kitu ambacho pini hukibadilisha kweli, nacho ni uzito na mahali unapokaa. Pini ya unene wa 3/8 na urefu wa sentimita 7.5 ikiwa ya brasi ina gramu 37 hivi. Ya chuma, 34. Ya titani, 20. Na ile ya G10, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo kilichogandishwa kwa epoksi, ina gramu nane tu. Kati ya brasi na G10 kuna tofauti ya karibu aunsi moja, na fimbo nzima ya kawaida ina aunsi 18 hadi 21. Aunsi hiyo moja ikikaa kwenye kiungo, mahali fimbo inapojilinganisha juu ya kidole husogea mbele zaidi ya sentimita moja. Mkono wa mchezaji mzoefu utalitambua hilo mara moja, na sikio lake litatambua tofauti ya mlio. Kwa hiyo anayesema fimbo hii anaisikia tofauti na ile asibezwe. Anachotakiwa kuacha ni kudai kwamba tofauti hiyo imeuongezea mpira nguvu au imeunyoosha.

Dai la pili: “Pini nene ni imara zaidi, nyembamba ni za fimbo rahisi”

George Balabushka, aliyezaliwa Urusi mwaka 1912 na kuhamia Marekani mwaka 1924, alitengeneza fimbo New York kuanzia mwaka 1959 hadi alipofariki mwaka 1975. Leo fimbo zake hutafutwa na wakusanyaji kama vito. Kiungo kinachotambulika kuwa chake ni cha chuma chenye pini ya 5/16-14, yaani ile nyembamba. Kampuni ya Joss, iliyoanza mwaka 1968 na ambayo fimbo yake ndiyo iliyoonekana katika filamu ya The Color of Money ya mwaka 1986 ikiitwa Balabushka, nayo imejijengea jina kwa 5/16-14. Hizo zikiitwa fimbo rahisi, basi hakuna fimbo ghali duniani.

Hesabu ya uimara nayo haimsaidii mwenye dai hili. Chuma kisichoshika kutu cha kawaida, kwenye shina la pini ya 5/16-18 ndani ya nyuzi, kinahitaji kuvutwa kwa uzito wa zaidi ya nusu tani kabla hakijaanza kurefuka bila kurudi. Hakuna mkono wa mchezaji unaokaza kufikia hapo.

Kinachovunjika kwenye kiungo ni upande wa pili, pale pini inapoingia. Na hapo ndipo lilipo jambo la kweli lililofichwa ndani ya dai hili: uzi mpana huifaa mbao. Ukikata nyuzi za milimita 1.4 ndani ya mbao, kila jino linabaki jembamba na hukatika kirahisi. Ukikata za milimita 2.5, jino linakuwa na mwili wa kutosha kustahimili kufungwa na kufunguliwa kila siku. Ndiyo maana 3/8-10 hufungwa moja kwa moja kwenye mbao ya shafti, wakati 5/16-18 kwa kawaida huwekewa kikombe cha brasi chenye nyuzi ndani ya shafti. Swali la kumuuliza fundi, basi, ni pini inaingia kwenye nini. Unene wake hauna jibu bila hilo.

Dai la tatu: “Nyuzi zikikatwa vizuri, fimbo itanyooka yenyewe”

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo.

Nyuzi zozote zinazoweza kuzungushwa kwa mkono zina nafasi ndogo kati ya pini na tundu. Bila nafasi hiyo zisingezunguka. Maana yake ni kwamba nyuzi peke yake haziwezi kuishika shafti mahali pamoja. Zinaivuta tu irudi nyuma. Kinachoamua shafti itaelekea wapi ni nyuso mbili zinazokutana: uso wa shafti na uso wa kitako. Nyuzi huvuta, nyuso huelekeza.

Sasa tupime. Kiungo cha kawaida kina kipenyo cha kama milimita 21.5, na shafti ina urefu wa kama milimita 737. Chukua uso mmoja uliokatwa ukainama kwa nusu ya sehemu ya kumi ya milimita, yaani milimita 0.05 kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Hiyo ni kama nusu ya unene wa karatasi ya kawaida ya kuandikia, na jicho haliioni. Gawanya 0.05 kwa 21.5, kisha zidisha kwa 737. Unapata milimita 1.7. Hivyo ndivyo ncha itakavyokuwa imehama kutoka kwenye mstari wa fimbo. Fimbo ikibingirishwa mezani, ncha itapanda na kushuka waziwazi, na mwenye fimbo atalaumu mbao, atalaumu pini, atalaumu hali ya hewa. Kosa ni la nusu karatasi kwenye uso.

Ndiyo maana fundi makini hukata uso wa kitako mwishoni kabisa, pini ikiwa imeshagandishwa na kipande kizima kikiwa kinazunguka kwenye mashine bila kuyumba. Hukata uso ule kwa kisu chenye makali, kidogo kidogo, na sehemu ya kati karibu na pini huichimba iwe chini kwa kiasi kidogo sana. Lengo ni ukingo wa nje ndio ukutane kwanza. Duara pana la nje hushika wima kuliko kifundo kidogo cha katikati, ambacho shafti ingeweza kukiyumbia.

Kuna kosa jingine la jamii hiyo hiyo: pini ndefu kuliko tundu. Pini ikigota chini kabla nyuso hazijakutana, mchezaji anakaza, anahisi imeshika, kumbe kati ya nyuso kuna upenyo. Fimbo ya namna hii hunguruma kila inapopiga. Dawa ni kuongeza kina cha tundu, na ni kazi ya dakika chache.

Msomaji mwenye fimbo anaweza kulipima jambo hili bila kifaa. Bingirisha kitako peke yake juu ya meza iliyo sawa. Kisha shafti peke yake. Kisha zote zikiwa zimeungwa. Vipande vikiwa vimenyooka kila kimoja lakini fimbo nzima ikayumba, usiende kununua shafti mpya. Mpelekee fundi akakate nyuso.

Dai la nne: “Tundu likilegea, jaza gundi”

Gundi ya epoksi ni nzuri, lakini haielekezi kitu. Pini ikiwekwa kwenye tundu pana lililojaa gundi, inaelea, na inaganda popote ilipoegemea. Baada ya saa 24 kosa limeshaganda pamoja nayo.

Kazi inavyotakiwa kwenda ni hivi. Kitako hushikwa kwenye mashine ya kukereza mahali pawili, mbele na nyuma, kisha saa ya kupimia inayosoma sehemu za mia za milimita inaegeshwa juu yake ili kuhakikisha hakiyumbi. Tundu la kwanza linatobolewa kwa biti ndogo kuliko kipimo. Hapo wengi huishia, na ndipo wanapokosea, kwa sababu biti hufuata mishipa ya mbao. Ikikutana na mshipa mgumu upande mmoja, inakwepa kwenda upande laini, na tundu linapinda ndani huku mdomo wake ukionekana umekaa sawa. Kwa hiyo tundu hilo hupanuliwa kwa kisu kidogo cha ncha moja kinachoingia ndani huku mbao ikizunguka. Kisu hicho hakifuati mshipa. Kinakwenda pale reli ya mashine inapokipeleka. Baada ya hapo tundu linakuwa katikati kweli.

Nyuzi nazo zina njia mbili. Njia ya kwanza ni tapu, kifaa cha kukatia nyuzi ndani ya tundu, ikiongozwa kutoka upande wa pili wa mashine ili isiiname. Njia bora ni kisu kidogo kinachozunguka kwa kasi huku kikisogezwa kwa mwendo wa uzi, kwa kuwa kinakata mbao badala ya kuisukuma na kuipasua. Mdomo wa tundu hupanuliwa kidogo ili upokee shingo laini ya pini, ile sehemu isiyo na nyuzi. Shingo hiyo, ikikaa kwa kubana bila kulazimishwa, ndiyo inayoiweka pini katikati. Gundi inakuja kuishikilia tu.

Kabla ya gundi, pini ya chuma hufutwa mafuta yote ya kiwandani na kukwaruzwa kidogo ili epoksi ipate pa kushika. Kisha, jambo linalosahaulika sana, hukatwa mfereji mwembamba kwa urefu wa nyuzi. Pini inapozungushwa kuingia kwenye tundu lililozibwa chini, gundi na hewa vinakosa pa kutokea. Bila mfereji, shinikizo hilo huirudisha pini juu polepole gundi ikiwa bado mbichi, au huipasua mbao ukutani mwa tundu. Fundi huiingiza pini, huirudisha nusu, huiingiza tena ili gundi isambae, halafu hufuta iliyotoka na kuiacha igande bila kuiharakisha. Ikishaganda, saa ya kupimia inarudi, safari hii juu ya pini yenyewe.

Gundi ikitumika kwa akili, hata makosa hurekebishika. Pini ya chuma iliyokaa vibaya hupashwa moto, epoksi hulainika, na pini hufunguka. Pini ya G10 haipitishi joto vizuri, hivyo haitoki kwa njia hiyo. Hukatwa na kutolewa kwa mashine hadi iishe. Anayechagua G10 kwa wepesi wake ajue kwamba anatakiwa kuipata mara ya kwanza.

Dai la tano: “Namba zikifanana, shafti yoyote itaingia”

Dai hili limewagharimu watu fedha. Namba mbili za pini zinataja kipenyo cha nje na idadi ya nyuzi, basi. Hazisemi shina la ndani ya nyuzi lina unene gani. Kwenye pini za 3/8-10 shina hilo hutofautiana kati ya watengenezaji, na nyingi zimekatwa chini ya uzi kwa ubapa badala ya ncha kali. Fundi hutoboa tundu la shafti kulingana na pini aliyonayo mkononi. Ukileta shafti hiyo kwenye fimbo ya mtengenezaji mwingine, ama inagoma kuingia, ama inaingia ikiwa legelege, ingawa kwenye karatasi namba ni zile zile.

Kuna jambo jingine kwenye jamii ya 5/16. Baadhi ya viungo vina nyuso bapa pande zote mbili. Vingine vina kidomo kinachotokeza kwenye shafti na kuingia ndani ya pete ya chuma ya kitako, kikikaa humo kwa kubana. Kidomo hicho nacho hakina kipimo kimoja kinachofuatwa na wote. Shafti ya uso bapa ikiwekwa kwenye kitako chenye shimo la kidomo inakosa mshiko wake. Yenye kidomo ikiwekwa kwenye uso bapa haikutani kabisa.

Anayeagiza shafti ya pili asitume namba peke yake. Atume kitako chenyewe kwa fundi, au aulize shafti kwa jina la mtengenezaji na aina kamili ya kiungo. Kutuma kitako ni usumbufu, lakini ni nafuu kuliko kupokea shafti isiyofunga.

Dai la sita: “Kaza hadi mwisho, ikilegea mchezoni ni kosa lako”

Kiungo kilichofungwa vizuri hakihitaji nguvu. Unazungusha kwa mkono hadi nyuso zinakutana, unaongeza msukumo mdogo, basi. Kukaza kupita hapo kunabonyeza mbao kwenye nyuso, na uso uliobonyea upande mmoja unarudisha tatizo lile la dai la tatu. Ikiwa nyuzi za shafti ni za mbao, meno yake huanza kuliwa.

Fimbo inayojifungua katikati ya mchezo ina sababu nyingine, na karibu zote zinaonekana: vumbi la chaki kati ya nyuso, uso usio wima, pini inayogota chini, au kikombe cha brasi kilichoachia gundi yake. Hata kwa mlio wa ajabu, pini isilaumiwe moja kwa moja. Mara nyingi unatoka kwenye bolti ya uzito iliyolegea ndani ya kitako, au kwenye kipande cheupe chini ya ncha kilichoachia gundi.

Kwa wachezaji wa pwani kuna la ziada. Shafti nyingi hutengenezwa kwa mepo, mbao ngumu nyeupe ya Amerika ya Kaskazini. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuvimba kukatisha mishipa yake, wakati kwa urefu karibu haibadiliki. Shafti iliyotoka kwenye hewa kavu ikifika Dar es Salaam, Mombasa au Unguja wakati wa masika, tundu lake la mbao hubana, na mwenye fimbo huilazimisha. Asifanye hivyo. Fundi huwekea nyuzi za tundu hilo supagluu nyepesi inayopenya kama maji, huiacha ikauke, kisha hupitisha tapu tena. Mbao inakuwa ngumu na hainywi unyevu kwa urahisi. Nta kidogo ya mshumaa juu ya nyuzi inamalizia kazi. Vifuniko vya kiungo, vile vinavyofungwa juu ya pini na tundu fimbo inapokuwa imefunguliwa, huzuia vumbi na kulinda ukingo wa uso usigongeke. Na fimbo haiachwi kwenye gari lililopaki juani: joto la kwenye buti nalo linaweza kuilegeza epoksi.

Dai la saba: “Kazi hii haiwezi kufanyika kwetu”

Huu ndio uongo unaoniuma zaidi, kwa sababu unaua kazi kabla haijazaliwa.

Tuhesabu tulivyonavyo. Watu wa pwani wamekereza miguu ya vitanda na viti tangu zamani. Lamu na Unguja zimejaa ushahidi. Wachongaji wa Mwenge jijini Dar es Salaam na wa Wamunyu nchini Kenya wanaijua mbao ngumu kwa kuigusa. Mashine za kukereza vyuma ziko kwenye karakana za kila mji mkubwa, na mafundi wake hukata nyuzi za bolti na shafti za magari kila siku, kwa vipimo visivyopungua ukali kuliko vinavyotakiwa kwenye fimbo. Na mpingo, mbao nyeusi nzito inayozama majini, ambayo mafundi wa fimbo wa Marekani huinunua kwa fahari kupambia sehemu ya mbele ya vitako vyao, unaota Tanzania na Msumbiji. Misitu ya vijiji vya Kilwa imekuwa ikiuza mpingo wenye cheti cha usimamizi bora. Tangu Januari 2017 jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iko chini ya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo anayefikiria kuuza nje afuate vibali.

Kinachopungua nacho tukiseme bila kuficha. Kinapungua kisu kile kidogo cha kupanulia tundu, kwa sababu fundi wa mbao amezoea biti na fundi wa chuma hajazoea mbao. Inapungua saa ya kupimia, au ipo kabatini na haitumiki. Kinapungua kikao kimoja kati ya fundi wa mbao na fundi wa chuma, kila mmoja akiwa na nusu ya ujuzi unaohitajika. Pini zenyewe hazina siri: ni fimbo ya chuma au brasi, nyuzi zilizokatwa, shingo, na mfereji wa gundi. Fundi anayeweza kutengeneza bolti inayoshika injini anaweza kutengeneza pini inayoshika fimbo ya pool.

Kwa mnunuzi neno langu ni hili: ukiletewa fimbo, acha kuuliza kwanza ina pini gani. Bingirisha vipande kimoja kimoja, kisha vikiwa vimeungwa. Viunganishe na uangalie kama mwanga unapita kati ya nyuso. Fungua na ufunge mara kadhaa uone kama inarudi vile vile kila mara. Ikifaulu hayo, nunua, iwe ya 5/16 au ya 3/8, iwe ya chuma au ya G10. Isipofaulu, jina lolote lililoandikwa kwenye kitako halitaiokoa.

Kwa fundi: anza na vitako vya mbao ya bei nafuu, panua tundu kwa kisu badala ya kuiamini biti, kata uso mwishoni, na usiachie kazi itoke karakanani kabla hujaipima. Wachezaji wapo katika kila mtaa wenye meza, na wengi wao wanacheza kwa fimbo zinazoyumba. Kazi hiyo inawasubiri ninyi.